Fomu isiyosubiri "ila"

Jaribu kwanza kujibu swali hili, msomaji. Katika wiki mbili zilizopita, umesumbuliwa mara ngapi na tatizo la kukosa usingizi? Majibu ni manne, chagua moja: hata kidogo, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku.

Umeona kitu? Tazama tena jibu la tatu. Aliyetunga swali alikusudia siku nane au zaidi kati ya zile 14. Lakini neno "siku" kwa Kiswahili halibadiliki, iwe moja au mia. Mtu akilisoma haraka, au akisomewa na mkalimani kwenye simu, anaweza kuelewa nusu ya siku moja, yaani saa kadhaa. Basi yule anayekesha saa tatu kila usiku anajisemea: saa tatu si nusu ya siku, kwa hiyo mimi niandike "siku kadhaa" tu. Hapo ameshapoteza alama mbili, na alama mbili zinaweza kuamua kama ataitwa kuonana na mtaalamu au atarudi nyumbani alivyokuja.

Tafsiri hiyo ni yangu, nimeifanya neno kwa neno ili uuone mtego. Tafsiri zinazotumika kliniki zinatofautiana, na nyingine zimeukwepa. Ila mtego uko palepale, unamsubiri kila mtafsiri.

Humu tumezoea kuchambua vitabu vya sayansi, na mara mojamoja filamu. Leo naomba tuchambue fomu mbili, kwa sababu kwa mgeni aliyefika nchi ya mbali fomu ndiyo mlango wa kwanza wa huduma ya afya ya akili. Nchi yenyewe iwe Marekani. Huko Wakongomani wamekuwa mara kadhaa, katika miaka ya karibuni, kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa. Mwaka wa fedha wa 2016 pekee walikuwa zaidi ya 16,000. Wengi walipitia kambi kama Nyarugusu, Nakivale na Kakuma, na Kiswahili ni lugha yao ya kila siku. Mapokezi hayo yalisimamishwa Januari 2025, lakini waliokwishafika bado wanaishi huko, wanafanya kazi na wanaugua kama watu wengine.

Mkimbizi akifika Marekani, utaratibu ni apimwe afya ndani ya siku 90 hivi za mwanzo. Damu, kifua kikuu, chanjo. Kisha inakuja karatasi ya maswali kuhusu moyo na akili. Mara nyingi ni moja kati ya hizi mbili: PHQ-9 au RHS-15.

Fomu ya kwanza: maswali tisa

Tuanze na haki yake. PHQ-9 ilitungwa na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, kwa ufadhili wa kampuni ya dawa ya Pfizer, na makala iliyoipima ilitoka mwaka 2001. Ni fupi, ni ya bure, na yeyote anayejua kujumlisha anaweza kuihesabu. Maswali ni tisa, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Ukipata 10 au zaidi, unatakiwa kuonana na mtu wa kukuchunguza vizuri kama una sonona.

Ilifanyaje kazi? Katika utafiti ule, wagonjwa 580 walihojiwa upya na mtaalamu wa afya ya akili. Alama 10 iliwanasa asilimia 88 ya waliokuwa na sonona kali, na iliwaacha asilimia 88 ya wasiokuwa nayo. Namba nzuri kabisa. Lakini hebu tuzipigie hesabu kidogo, maana hapa wengi tunateleza.

Chukua watu 100, na tuseme kumi kati yao wana sonona. Fomu itawanasa karibu tisa. Wamebaki 90 wasio na sonona, na asilimia 12 ya hao, yaani watu kama 11, watanaswa pia. Jumla wameitwa 20, na wenye ugonjwa kweli hawafiki nusu. Huo si udhaifu wa PHQ-9 peke yake, kila kichujio kiko hivyo. Ndiyo maana kuchuja ni kitu kimoja na kutambua ugonjwa ni kingine. Kwa hiyo ukiambiwa "una alama 12", hujaambiwa una sonona. Umeambiwa ukae, mzungumze.

Ubaya ni kwamba zile asilimia 88 zilipatikana kwa wagonjwa wa kliniki za Marekani. Je, zinasafiri? Kwa kiasi, ndiyo. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya kwa watu wanaoishi na VVU, na PHQ-9 ilionekana kufaa. Kwa hiyo nisingekushauri uichane. Ninachouliza ni kidogo zaidi: inasikia nini, na nini kinaipita?

"Kujisikia chini"

Swali la pili la PHQ-9 linahusu huzuni. Kiingereza humweleza mtu mwenye huzuni kwamba yuko "chini". Mtafsiri mvivu anaandika "kujisikia chini". Sasa wewe msomaji, umewahi kumsikia bibi yako akisema anajisikia chini?

Kuna njia ya kukagua tafsiri ambayo watafiti wanaipenda sana, na Richard Brislin aliieleza mwaka 1970: mtu mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona asili anairudisha kwenye Kiingereza, kisha mnalinganisha. Ni njia nzuri, inakamata makosa mengi. Lakini ina upofu wake. "Kujisikia chini" ukiirudisha Kiingereza inatoka vilevile ilivyoingia, safi kabisa. Ukaguzi unasema hongera. Na sentensi yenyewe haisemwi na Mswahili yeyote! Kinyume chake, mtafsiri aliyeandika "moyo kuwa mzito" atarudishiwa kitu tofauti na asili, na ataulizwa kwa nini amebadilisha. Yaani njia hii ikitumika peke yake inamzawadia anayenakili maneno, na inamtia mashakani anayetafuta maana.

Ukisema basi tuandike "sonona", Mtanzania aliyesoma ataelewa. Mtu wa Uvira au Bukavu huenda hajawahi kulisikia neno hilo. Kiswahili ni kimoja kwenye orodha ya lugha za kliniki, ila midomoni ni vingi.

Kuna na jambo la mifano. Swali la saba linauliza kama unapata shida kutuliza akili, kwa mfano unaposoma gazeti au kutazama televisheni. Mama ambaye hakusoma, na televisheni yenyewe inaongea Kiingereza, ajibu nini? Hawezi kufuatilia, ni kweli. Lakini kisa ni lugha. Ukimuuliza kama akiwa kanisani au msikitini mawazo yanamchukua mpaka hasikii kinachosemwa, au kama anasahau chungu jikoni mpaka kinaungua, hapo mmeelewana.

Zamu ya usiku na alama kumi

Sasa tumchukue mtu wa kufikirika. Ana miezi miwili nchini, anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, kazi ambayo wageni wengi huanza nayo. Mchana halali vizuri kwa sababu ya jua na watoto: alama 3. Amechoka kila siku: alama 3. Chakula hajakizoea: alama 2. Akili haitulii kwa sababu ya usingizi: alama 2. Jumla 10, na hatujamuuliza chochote kuhusu huzuni.

Mwongozo wa fomu unajua hatari hii. Ili kufikiria sonona kali, lazima moja kati ya maswali mawili ya mwanzo, la kukosa hamu na la huzuni, liwe na alama ya juu. Lakini kliniki yenye foleni hutazama jumla. Ikitazama jumla peke yake, dawa inaweza kuandikiwa zamu ya usiku.

Swali la sita ndilo gumu zaidi. Linauliza kama unajiona umeshindwa, au umeiangusha familia yako. Kwa aliyetunga, hiyo ni dalili: mtu anajilaumu bila sababu ya kutosha. Kwa mgeni ambaye ndugu 12 kambini wanasubiri pesa mwisho wa mwezi, na kodi ya nyumba imezimaliza zote, swali hilo linauliza habari za mfukoni. Anajibu ndiyo, kwa sababu ni kweli. Je, huo ni ugonjwa? Inawezekana ana vyote viwili, ukata na sonona. Fomu haina pa kuvitenganisha. Mtu anayeuliza "kwa nini unasema hivyo, baba?" anaweza.

Habari? Nzuri. Ila...

Upande wa pili ni wale ambao fomu inawapita. Hawa ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa wakishaondoka hakuna atakayewatafuta.

Sikiliza tunavyosalimiana. "Mama, habari za nyumbani?" "Nzuri." "Watoto hawajambo?" "Hawajambo, tunamshukuru Mungu. Ila huyu mdogo amelazwa tangu juzi." Hakuna aliyedanganya hapo. Kwetu uzima unatangulia, na shida inafuata nyuma yake ikishika mkono wa "ila". Anayeijua lugha husubiri. Akisikia "nzuri" peke yake hajaondoka bado, anauliza tena, mara ya tatu ndipo mambo yanatoka.

Fomu haisubiri. Inauliza: umekuwa na huzuni? "Hapana, namshukuru Mungu." Sifuri. Swali linalofuata. Ile "ila" ilikuwa njiani inakuja, imekuta mlango umefungwa.

Na hata ikifika, inaweza kufika kwa sura ambayo haitambuliki. Kwa Kiswahili ukisema "yule ana mawazo", kila mtu anajua ana matatizo, kuna jambo linamla. "Usiwe na mawazo" maana yake usihangaike moyoni. Sasa mpe mkalimani mwenye haraka sentensi hii: "Daktari, nina mawazo." Akiitafsiri kama ilivyo, daktari anasikia kwamba mgonjwa ana fikra, au ana maoni ya kutoa. Anatikisa kichwa kwa adabu. Neno zito kuliko yote aliyokuja nayo mgonjwa limepita kama hewa.

Si maneno matupu haya. Watafiti wamelikuta jambo hili, kuwaza kupita kiasi kama namna ya kutaja mateso ya moyo, katika jamii nyingi za Afrika, Asia na kwingineko. Mwaka 2015 Bonnie Kaiser na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti nyingi juu yake. Walionyesha kwamba linagusana na sonona, hofu na majeraha ya vita, lakini halilingani sawasawa na ugonjwa wowote kati ya hiyo. Kati ya maswali tisa ya PHQ-9 hakuna hata moja linalouliza: je, unawaza sana?

Fomu ya pili: mtungi unaojaa

RHS-15 inauliza. Fomu hii ilitengenezwa Seattle kwa ajili ya wakimbizi hasa, na Michael Hollifield na wenzake walichapisha utafiti wake mwaka 2013. Swali la kwanza ni maumivu ya misuli, mifupa na viungo. Swali la tatu ni kuwaza kupita kiasi. Badala ya kuhesabu siku, unaonyeshwa picha za chombo kitupu, chenye kidogo, mpaka kilichojaa pomoni, na muda ni mwezi uliopita. Mtego wa "nusu ya siku" haupo kabisa.

Kama maandishi, naiona bora kuliko PHQ-9 kwa mgeni wa Kiswahili. Mtunzi wake anaelekea kuwa amekaa na watu akawasikiliza kabla ya kuandika. Mgonjwa anayeanza na mgongo na kichwa hachukuliwi kuwa anakwepa swali, maana fomu yenyewe imeanzia hapohapo. Wengi wetu ndivyo tunavyoanza: mwili kwanza, moyo baadaye.

Hata hivyo ina makosa mawili. La kwanza ni la kisayansi. Utafiti wa 2013 uliwapima wakimbizi kutoka Irak, Bhutan na Burma. Alama ya mpaka, 12 kwa maswali 14 ya mwanzo, ilitokana nao. Tafsiri ya Kiswahili ipo, ila kutafsiri maneno hakutafsiri mpaka. Kiasi cha maumivu ambacho mtu wa Bhutan anakiita "kingi" huenda si kile anachokiita mtu wa Fizi. Anayetumia mpaka huo kwa Wakongomani autumie kama makadirio.

La pili ni kubwa zaidi, na linazihusu fomu zote mbili. Fomu inafungua kidonda, halafu? Kama kliniki haina mtu wa kuzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili, au miadi iko miezi mitano mbele, basi umemuuliza mtu habari za usiku wake mbaya kuliko zote kisha ukamshukuru kwa ushirikiano wake. Kuchuja bila cha kutoa baadaye hakumtendei haki aliyejibu.

Walioanzia upande wa pili

Inawezekana kufanya vingine? Zimbabwe walijaribu, na ni vizuri tuutazame mfano huo kwa sababu walianza na neno la watu badala ya kuanza na fomu. Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza mno. Katika miaka ya 1990 Vikram Patel na wenzake walitengeneza hojaji ya maswali 14 kwa Kishona, na swali lake la kwanza linahusu kuwaza huko. Baadaye, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianzisha Harare mpango wa benchi la urafiki: akina bibi waliofunzwa wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wanatumia hojaji hiyo, kisha wanachagua pamoja tatizo moja la kuanza kulitatua. Jaribio lao la watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa benchini walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Ona mpangilio wake. Neno, kisha hojaji, kisha mtu, na wote watatu wako mahali pamoja. Swali "unawaza sana?" linaulizwa na bibi ambaye hataondoka mpaka amesikia "ila". Huko Marekani tumepewa kipande cha katikati tu, karatasi.

Wewe ukiwa mbele ya karatasi

Basi ufanyeje, kama ni wewe, au ni mama yako, umekaa pale kliniki?

Kwanza, dai mkalimani. Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya mwaka 1964 inazibana taasisi zinazopokea pesa za serikali kuu zisimbague mtu kwa asili yake, na ndiyo msingi wa kliniki kutakiwa kukupa msaada wa lugha bila malipo. Mtoto wako asifanye kazi hiyo. Utamfichia mambo, naye atayabeba yale atakayoyasikia. Kama mji ni mdogo na mkalimani ni mtu mnayeimba naye kwaya, omba wa kwenye simu, aliye mji mwingine. Sema pia unatumia Kiswahili cha wapi.

Pili, hesabu siku. Ukiona "zaidi ya nusu", fikiria siku nane kati ya 14.

Tatu, sema "ila" yako mwenyewe, hata kama hakuna nafasi yake kwenye karatasi. Andika pembeni au mwambie mkalimani: "Nina mawazo, na kwa Kiswahili maana yake ninateseka." Mweleze na zamu zako za kazi, na pesa unazodaiwa nyumbani, ili atakayesoma alama zako ajue zimetoka wapi.

Nne, kuna swali la kutamani kufa au kujidhuru. PHQ-9 inaliweka mwisho. Wengi wanalipita haraka kwa aibu au kwa imani, hata wale ambao kila usiku wanaomba, "Bora Mungu anichukue." Hilo ombi nalo linahesabika, lisemwe. Tafiti hazijaonyesha kwamba kumuuliza mtu habari za kujiua kunampandikizia wazo hilo. Na kama uko Marekani na usiku umekuelemea, namba 988 inapokea simu saa 24, bila malipo, na ina wakalimani wa lugha nyingi. Taja tu lugha yako: "Swahili".

Tano, kabla hujajibu, uliza: alama zikiwa juu, mnanipeleka kwa nani, na lini? Ni swali la haki kabisa. Jibu lake litakuambia zaidi kuhusu kliniki hiyo kuliko fomu itakavyowaambia wao kuhusu wewe.

Na kama wewe ni mwanafunzi wa tiba, saikolojia au isimu, hapa pana kazi. Mpaka wa alama uliopimwa kwa wasemaji wa Kiswahili wa Kivu, maneno yao yaliyokusanywa kutoka vinywani mwao, tafsiri iliyosomwa na bibi asiyejua Kiingereza akasema "ndiyo, ndivyo tunavyosema". Hiyo ni tasnifu nzima, na kuna watu wanaosubiri matokeo yake katika vyumba vya kusubiria, na kalamu mkononi.